Hundi, Kadi ya Benki au Simu: Pesa Zinafika kwa Mwenye Duka Saa Ngapi?

Mwezi wa tisa ukikaribia kuisha, maduka ya Ukambani huchangamka. Mvua ya vuli, ile ya Oktoba hadi Desemba, ndiyo mkulima wa Kitui na Makueni huitegemea zaidi, na kila mtu anataka kuwa tayari kabla haijaanza. Kwenye agroveti watu wanatafuta mbegu za ndengu na mahindi. Kwenye hadwea ni mabati, gata za kukinga maji ya paa, na matanki. Hivi si vitu vya kununua kila wiki, na pesa zake si za kuchezea.

Ndiyo maana kipindi hiki maswali ya malipo huwa mengi. Chama chetu kina kitabu cha hundi, tukitumie ama tutume kwa simu? Kadi ya benki inakubalika nikifika Mwingi? Na kwa wenye maduka, swali gumu kuliko yote: kastoma ameniachia cheki ya mwezi ujao, nimpe simiti leo?

Sisi tunafanya biashara ya malipo kwa simu, kwa hivyo unatarajia tuseme "tumia simu" halafu tumalize hapo. Hatutasema hivyo. Kuna siku hundi inakufaa zaidi, na kuna siku kadi inakulinda kuliko sisi. Tutakuambia ni lini.

Nani anangoja?

Ukinunua kwa pesa taslimu hakuna fumbo. Unatoa noti, unapewa tanki, mmemalizana. Njia hizi nyingine zote zinaacha mwanya kati ya wakati bidhaa zinapotoka dukani na wakati pesa zinapofika kwa aliyeuza. Wakati mwingine mwanya huo ni sekunde tano, wakati mwingine ni wiki sita. Ndani ya huo mwanya kuna mtu mmoja aliyemwamini mwenzake, na mambo yakiharibika yeye ndiye anaumia.

Hundi, au cheki kama wengi tunavyoiita, ni ahadi iliyoandikwa. Unaiambia benki yako: huyu akija, mlipe. Kadi ni swali: mashine inaiuliza benki yako hapo hapo kama pesa zipo, na benki inajibu ndiyo au hapana kabla hujaondoka. Simu ni uhamisho: pesa zinatoka kwako na kuingia kwa mwenye duka wakati nyote wawili mmesimama pale kaunta. Ukishika hayo matatu, mengine yote yanaeleweka kwa urahisi.

Hundi: karatasi, siku, na sahihi

Waliosoma shule ya upili kabla ya Machi 2007, M-Pesa ilipoanza, wanakumbuka karo ilivyolipwa. Shule nyingi hazikutaka hundi ya mtu binafsi. Mzazi alipanda basi hadi mjini, akapiga foleni benki, akalipia hundi ya benki yenyewe, akaikunja vizuri na kumpa mtoto aende nayo. Shule ilikuwa na sababu. Hundi ya benki hutolewa baada ya pesa kukatwa tayari, lakini hundi ya mtu binafsi hutolewa kabla ya mtu yeyote kujua kama pesa zipo.

Hadi leo, ukimwandikia mwenye hadwea ya Wote hundi ya Sh60,000, yeye hana Sh60,000. Ana karatasi. Ataipeleka benki yake, benki yake itaipiga picha, na picha hiyo itatumwa Nairobi kwenye kituo ambako mabenki hubadilishana hundi, kinachosimamiwa na Chama cha Mabenki Kenya. Benki yako ndiyo itaangalia sahihi, tarehe na salio lako, kisha ikubali au ikatae. Kabla ya 2011 karatasi yenyewe ndiyo ilisafiri, na hundi kutoka mashinani ilichukua siku kadhaa. Mfumo wa picha ulipoingia, muda ulipungua hadi kama siku moja ya kazi. Lakini angalia neno hilo "kazi". Hundi iliyoandikwa Ijumaa jioni baada ya benki kufungwa haitakuwa pesa kabla ya Jumanne.

Kuna mipaka mingine ya kujua. Tangu Oktoba 2009, Benki Kuu ya Kenya hairuhusu hundi ya zaidi ya Sh1,000,000 kupita kwenye mfumo huo. Malipo makubwa zaidi hupitia uhamisho wa moja kwa moja kati ya mabenki. Hundi iliyokaa miezi sita bila kupelekwa benki huhesabiwa imechacha. Na ukichora mistari miwili sambamba kwenye kona ya hundi, haiwezi kulipwa taslimu kaunta, ni lazima iingie kwenye akaunti. Mistari hiyo haikugharimu chochote na inamkata miguu mwizi atakayeiokota, kwa hivyo ichore kila mara.

Je, hundi ikikataliwa? Mtaani tunasema imebaunsi. Benki hutoza aliyeiandika ada, na benki nyingine humtoza hata aliyeipeleka. Halafu kuna sheria. Kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba kuandika hundi huku ukijua akaunti haina pesa za kutosha, au imefungwa, ni kosa. Faini inaweza kufika Sh50,000, kifungo mwaka mmoja, au vyote viwili.

Wenye maduka wengi wanaijua sehemu hiyo, na ndiyo inayowapa moyo wa kupokea hundi. Kuna sehemu nyingine fupi, chini yake kidogo, ambayo wengi hawajawahi kuisikia. Inasema kosa lile la kukosa pesa za kutosha halihusu hundi iliyoandikwa tarehe ya mbele.

Tukae hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo maduka ya hadwea hupoteza pesa.

Chukua mfano. Mkandarasi amepata kazi ya kujenga madarasa mawili. Anakuja kwako Kibwezi na kutaka simiti, nondo na mabati, jumla Sh280,000. Leo hana, lakini kaunti italipa. Anakuandikia hundi ya tarehe 30 mwezi ujao. Mnajuana, kanisa ni moja, na karatasi ina jina la benki kubwa. Unampakilia lori. Tarehe 30 inafika na kaunti haijalipa. Hakuna cha ajabu hapo, maana madeni ya kaunti kwa wakandarasi yamo kwenye ripoti za Msimamizi wa Bajeti mwaka baada ya mwaka, na si kaunti zetu mbili peke yake. Unapeleka hundi benki, inarudi. Unaenda kituo cha polisi ukiwa na uhakika kwamba sheria iko upande wako, na hapo ndipo unaambiwa ile hundi ilikuwa ya tarehe ya mbele. Wote wawili mlijua siku ile kwamba pesa hazipo, na ndiyo sababu mliandika tarehe nyingine.

Ulichotoa siku ile kilikuwa mkopo wa Sh280,000, bila riba na bila dhamana. Hatusemi usikopeshe. Biashara za Ukambani zimesimama kwa kukopeshana tangu zamani, na mwenye duka asiyetoa kitu kwa deni hupoteza wateja wazuri. Tunachosema ni kwamba mkopo uitwe mkopo. Chukua sehemu ya pesa kwanza kwa simu au taslimu. Toa mzigo kwa awamu, si lori zima. Pata nakala ya kitambulisho na sahihi kwenye orodha ya bidhaa ulizotoa. Hundi bado ina kazi yake hapo, kwa sababu ni ushahidi wa deni mbele ya mahakama hata kama si tikiti ya kumpeleka mtu jela. Kwa deni lisilozidi Sh1,000,000, Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa shughuli kama hiyo, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Uliza katika mahakama iliyo karibu nawe jinsi ya kuwasilisha madai.

Kuna ujanja mwingine ambao hauhitaji hata tarehe ya mbele. Kastoma wa mbali anakupigia simu, anaagiza mzigo, kisha anakutumia picha ya stakabadhi ya benki: "Nimeshaweka kwa akaunti yako, pakia." Ukiangalia akaunti, kweli kiasi kinaonekana. Kumbe alichoweka ni hundi. Ile stakabadhi inathibitisha kitu kimoja tu, kwamba kuna karatasi imepokelewa benki. Benki inaweza kukuonyesha salio lenye hundi ndani kabla hundi hiyo haijakubaliwa. Kwa hivyo usiulize "pesa zimeingia?" Uliza "ninaweza kuzitoa sasa hivi?" Kama jibu ni hapana, lori lisubiri.

Baada ya yote hayo utajiuliza kwa nini mtu bado ana kitabu cha hundi. Waulize kina mama wa chama.

Vikundi vya mwethya vilivyoanza kwa kusaidiana kulima na kuchimba mitaro, leo vingi vina akaunti benki. Ili pesa zitoke, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, au wawili kati yao, lazima watie sahihi kwenye karatasi moja. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuamka usiku na kuhamisha pesa za tanki. Kile kipande kinachobaki kwenye kitabu kinaeleza hundi ilikuwa ya nani na ya nini, na mkutano ukifika kinasomwa mbele ya watu. Laini ya simu ya mweka hazina, yenye namba ya siri moja anayoijua yeye peke yake, haina ulinzi huo. Kama chama chako kinaweka pesa zote kwenye simu ya mtu mmoja kwa sababu "ni rahisi", rahisi hiyo ina bei. Kuna akaunti za kikundi, za benki na za simu, ambapo mmoja anaanzisha malipo na mwingine anaidhinisha. Mkiwa hamjafika huko, bakini na hundi yenye sahihi tatu. Ndiyo, sisi ndio tumeandika hivyo.

Kadi: swali na jibu

Kadi tunayozungumzia ni ile inayokata pesa zako mwenyewe zilizo kwenye akaunti, si ile ya mkopo. Ukiichomeka kwenye mashine na kubonyeza namba ya siri, mashine inaiuliza benki yako. Benki ikisema ndiyo, kiasi kile kinazuiwa hapo hapo, na mwenye duka analipwa na benki yake, mara nyingi siku inayofuata. Mwenye duka anangoja kidogo, lakini hangoji kwa wasiwasi. Tofauti yake na hundi iko hapo: kwa kadi, jibu la benki linakuja kabla mzigo haujatoka.

Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba huwezi kulipa kwa pesa huna. Kuna watu ambao huandika hundi leo wakitumaini mshahara utaingia kesho. Kwa kadi mchezo huo haupo, mashine itakukatalia mbele ya foleni.

Shida ya kadi huku kwetu ni mahali pa kuitumia. Supamaketi kubwa za mjini, vituo vya mafuta na hoteli za kando ya barabara ya Mombasa, sawa. Lakini toka lami uende Mutomo, Kyuso au ndani ya Mbooni, mashine ya kadi itakuwa hadithi. Mwenye duka dogo haoni sababu ya kuiweka, kwa kuwa inamkata asilimia kubwa kuliko malipo ya simu na inahitaji mtandao usiokatika. Kadi kule inafanya kazi nyingine: unatoa pesa kwa wakala wa benki, ambao wamekuwepo tangu Benki Kuu ilipowaruhusu mwaka wa 2010, kisha unalipa taslimu.

Jambo moja huwatia watu hofu sana. Mashine inaandika kwamba malipo yamekataliwa, lakini simu yako inaita na benki inasema pesa zimekatwa. Keshia anakwambia ulipe tena. Kilichotokea ni kwamba benki yako ilisema ndiyo na kuzuia pesa, lakini jibu likapotelea njiani kabla ya kufika kwenye mashine. Pesa hizo hazikuenda kwa mwenye duka, na kwa kawaida hurudi baada ya siku chache. Omba ile karatasi ya mashine inayoonyesha malipo yamekataliwa, uipige picha, na uipeleke benki kama hazijarudi. Bila karatasi hiyo inakuwa maneno yako dhidi ya kompyuta.

Kuna mahali kadi inatushinda kabisa, na hapo ni kwenye ununuzi wa mtandaoni. Ukilipia pampu ya maji kwa muuzaji usiyemjua na isifike, kwa kadi unaweza kuiandikia benki yako malalamiko, nayo ikayafuatilia kwa benki ya muuzaji kwa utaratibu wa kampuni za kadi kama Visa na Mastercard. Yako masharti na kuna muda, kwa hivyo usikae miezi. Ukiwa umemtumia mtu huyo pesa kwa namba yake ya simu, zikishatolewa zimeenda. Kwa hivyo muuzaji wa mtandaoni akikataa kadi, akakataa hata kulipwa mzigo ukifika, na akasisitiza utume kwa namba ya mtu binafsi, umeshapata jibu lako.

Kuhusu usalama, kadi isiondoke machoni pako. Keshia akitaka kwenda nayo nyuma ya duka, nenda naye ama umwambie alete mashine. Zile namba tatu za nyuma ni za kulipia mtandaoni, hakuna mtu anayezihitaji ukiwa umesimama mbele yake.

Simu: haraka, na kwa hiyo macho

Kwa ununuzi wa kila siku, kuanzia mandazi hadi mabati, simu ndiyo njia ambayo mwanya wake ni mfupi kuliko zote. Kastoma analipa, ujumbe unaingia kwa mwenye duka, basi. Tangu Aprili 2022 hata mtu wa mtandao mwingine anaweza kulipa kwenye Till, kwa hivyo yale mambo ya "mimi niko Airtel, wewe uko Safaricom" yamepungua. Kwa kawaida mnunuzi halipi ada kwenye Till, mwenye duka ndiye hukatwa asilimia ndogo. Paybill inategemea mpango ambao biashara ilichagua. Kwa Pochi la Biashara, na kwa namba ya mtu binafsi, anayetuma ndiye anayelipia.

Ndiyo maana ukifika mahali ukaambiwa, "Kastoma, Till iko na shida leo, tuma kwa hii namba yangu," unapaswa kusimama kidogo. Utalipa ada ambayo hukupanga. Pili, pesa zimeenda kwa mfanyakazi, si kwa duka. Siku ukirudi na bati lililotoboka, mwenye duka atatafuta malipo yako kwenye vitabu vyake na hatayaona. Huenda kijana yule ni mwaminifu na mtandao ulikuwa chini kweli. Bado, omba risiti ya duka iliyo na kiasi na tarehe kabla ya kutuma. Asipoiandika, taslimu ni bora.

Soma jina kabla ya kukamilisha. Namba za Till zinafanana, na tarakimu moja ikikosewa, pesa za tanki la Kitui zinaenda kwa mwenye kinyozi Nakuru. Hilo likitokea tupigie simu mara moja, usingoje ufike nyumbani. Pesa zikiwa bado hazijatumika tunaweza kuzizuia huku tukiwasiliana na aliyezipokea. Akishazitoa, kuzirudisha kunategemea sana ukarimu wake.

Kwa mwenye duka, adui ni ule ujumbe wa uongo. Kastoma anakuonyesha simu yake: "Angalia, imeenda." Ama simu yako inaingia ujumbe unaofanana kabisa na wa kweli, una jina, kiasi na hata salio. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la huduma, kwenye mfululizo ule ule wa ujumbe zako za zamani. Ukiona umetoka kwa namba ya simu ya kawaida yenye tarakimu kumi, huo si wetu wala wa kampuni nyingine yoyote. Siku ya soko ukiwa na watu wanane mbele yako hutakuwa na muda wa kuchunguza kila herufi, kwa hivyo jizoeze jambo moja tu: angalia salio la Till yako, si simu ya kastoma. Kilicho kwenye skrini yake ni habari zake, na mzigo ni wako. Kama simu ya Till inakaa na wewe nyumbani na kijana ndiye anauza, msajili apate ujumbe naye, la sivyo atakuwa anaamini nyuso za watu.

Na kwa malipo makubwa simu ina kikomo. Kwa M-Pesa, tangu Agosti 2023, muamala mmoja hauzidi Sh250,000 na kwa siku Sh500,000. Kwa hiyo ule mzigo wa mkandarasi wa Sh280,000 unaweza kulipwa kwa simu, lakini kwa mara mbili, na andika kwenye risiti kwamba malipo ni mawili ya mzigo mmoja. Ukitaka kumaliza mara moja, PesaLink hutoa pesa kutoka akaunti yako ya benki hadi akaunti ya benki nyingine papo hapo, hadi Sh999,999, bila karatasi na bila kungoja Jumanne. Kwa mtu aliyezoea kuandika hundi kwa sababu tu kiasi ni kikubwa, hiyo ndiyo ya kujaribu kwanza.

Tanki la chama, hatua kwa hatua

Tuseme kikundi cha Kathonzweni kinanunua tanki la Sh90,000 mjini Wote, na pesa ziko benki. Kadi haiwafai, kwa sababu akaunti ya sahihi tatu kwa kawaida haipewi kadi ya mtu mmoja. Wakimtumia mweka hazina pesa kwa simu ili akalipe, wamevunja sheria yao wenyewe kwa siku moja, na siku moja inatosha. Njia nzuri ni kuandika hundi kwa jina la duka, si kwa jina la mwanachama, na mistari miwili kwenye kona. Wanampelekea mwenye duka Jumatatu asubuhi, siyo Ijumaa. Wanampigia simu kwanza na kumwambia wazi: weka hundi benki, ikikubaliwa utupigie, ndipo tuje na pikapu. Mwenye duka haogopi kwa sababu tanki bado liko kwake. Chama hakiogopi kwa sababu pesa zinaenda kwa duka moja kwa moja. Zile Sh3,500 za usafiri na vijana wa kupakia zinatoka kwa simu, kwa sababu hakuna dereva wa pikapu anayengoja hundi.

Risiti ya duka, kipande cha kitabu cha hundi na ujumbe wa simu wa usafiri, vyote vinaingia kwenye faili moja la katibu.

Vikipotea je?

Kitabu cha hundi kikipotea, piga simu benki mara moja na utaje namba za hundi ambazo hazijaandikwa, kisha ufuate kwa barua. Benki ikishapokea agizo hilo haitazilipa. Kama hundi moja ilishaandikwa na imepotea kabla ya kufika, taja namba, kiasi na jina la aliyeandikiwa, na usimwandikie nyingine kabla benki haijakuthibitishia ile ya kwanza imezuiwa. Kadi ikipotea, ifunge kupitia programu ya benki au kwa simu, maana kadi za kugusa tu hulipia vitu vidogo bila namba ya siri na aliyeiokota anajua hivyo. Na laini ya simu ikipotea, azima simu ya mtu yeyote aliye karibu na utupigie tuifunge, hata kama uko kwenye matatu na hujafika Emali. Uwe tayari na namba ya kitambulisho. Hatutakuuliza namba yako ya siri, na atakayekuuliza akisema anatoka kwetu, mkatie simu.